Perceval Alisikia la Mkuu, na Guu Likavunjika

Kila mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili amewahi kutishiwa guu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: tumelisikia jikoni, tumeliandika darasani, tumelisoma kwenye khanga ya shangazi. Ni methali yenye dhana moja isiyosemwa, kwamba anayesikia hubaki na miguu yake miwili. Niliiamini hivyo mpaka nilipokutana na kijana wa hadithi ya Kifaransa cha karne ya 12 aitwaye Perceval. Huyu alisikia la mkuu. Alisikia la mama, akasikia la mwalimu wake wa silaha, akayatimiza neno kwa neno. Na kwa utiifu huohuo akamwacha mfalme akiwa kilema na nchi yake ikiangamia.

Hadithi yake iliandikwa na Chrétien de Troyes katika miaka ya 1180, kwa ajili ya Philippe, mtawala wa Flanders. Haikumalizika, inakatika ghafla baada ya mistari zaidi ya 9,000 ya ushairi. Ndiyo iliyoleta duniani ile Graili, chombo cha ajabu ambacho watu wamekitafuta tangu hapo hadi kwenye sinema. Lakini ukiiweka Graili kando, ukaweka kando mikuki na farasi, kinachobaki ni kisa cha mtu na nasaha alizopewa. Na si Perceval peke yake. Hadithi za mashujaa wa farasi wa Ulaya ya kale zinajulikana kwa panga na mabinti wa kifalme, ila ukizisoma unashangaa vikao vilivyomo. Kila baada ya kurasa chache mtu anamwita mwenzake pembeni kumwambia: usifanye hivyo.

Kiswahili kinatusaidia kuelewa kwa nini. Shauri kwetu ni nasaha, ni kesi mahakamani, na tukilibeba ndani ya halmashauri linakuwa kikao. Tena ukimwambia mtu “shauri yako” umemtupia mzigo ukaondoka. Kilatini cha enzi zile kilikuwa na neno consilium, lililobeba nasaha, kikao na uamuzi wa kikao kwa mpigo mmoja. Mnamo mwaka 1020 hivi, Askofu Fulbert wa Chartres alimwandikia mtawala wa Aquitaine, William, barua ya kumfafanulia kiapo cha utii: mtu aliyeapa anadaiwa nini na bwana wake? Kutomdhuru hakutoshi, alisema Fulbert. Ni lazima ampe msaada na shauri, na bwana naye alipe kwa kipimo kilekile. Kwa hiyo kabaila aliyenyamaza kwenye kikao cha bwana wake hakuhesabiwa kuwa mnyenyekevu. Alikuwa mdaiwa anayekwepa deni. Na mfalme aliyeamua peke yake usiku bila kuita watu wake alikuwa amevunja kitu kikubwa zaidi ya adabu.

Sasa turudi kwa kijana wetu.

Mama yake Perceval alikuwa na sababu ya kuchukia silaha. Zilimchukulia wanawe wawili wakubwa, na baba yao akafa kwa majonzi. Kitinda mimba akamficha msituni, akamlea asijue hata kwamba kuna watu waitwao mashujaa wa farasi. Siku kijana alipokutana na watano kati yao, wamevaa chuma kinachometa juani, alidhani ni malaika. Kuanzia hapo hakuzuilika. Mama alipoona hivyo akampa wosia wa safari. Awasaidie wanawake wenye shida. Msichana akimpa busu alipokee, asitake zaidi ya hapo. Akimpa pete, aichukue. Amuulize jina kila anayefuatana naye njiani. Akae na watu waungwana. Aingie kanisani kusali.

Kijana akauliza: mama, kanisa ni nini?

Swali hilo lingemshtua mtoa wosia yeyote. Anayeuliza maana ya kanisa hajaelewa na pete, hajaelewa na busu. Mama alimjibu kwamba ni nyumba nzuri mno, takatifu, akaendelea. Haikupita siku mbili kijana akaona hema la kifahari mbugani, akasema hili ndilo kanisa. Ndani alimkuta msichana amelala. Akambusu kwa nguvu kwa kuwa mama alisema, akamvua pete kidoleni kwa kuwa mama alisema, akala vitafunio vya nyama alivyovikuta, akashushia kwa divai, akaaga kwa heshima zote. Msomaji anacheka. Lakini mpenzi wa yule msichana aliporudi hakuamini kwamba ilikuwa busu tu, na kwa muda mrefu msichana akazungushwa nchi nzima akiwa na matambara mwilini, juu ya farasi mwenye njaa, kama adhabu. Nasaha ilikuwa ya mama, ujinga ulikuwa wa kijana, na aliyelipa ni mtu wa tatu.

Nimekaa kwenye shughuli nyingi za kumfunda mwari. Kungwi hodari utamjua kwa jambo moja: hamalizi somo bila kumgeuzia mwari swali. Haya, nimesema nini? Wewe ungefanyaje? Hapo ndipo vituko vinapotoka, na hapo ndipo somo linapoanza upya. Mama yake Perceval hakupata nafasi hiyo, kwa sababu farasi alikuwa tayari ametandikwa.

Mwalimu wa pili ni Gornemant, muungwana mwenye kasri kando ya mto. Anamfundisha kushika mkuki na ngao, na kijana ana kipaji. Anashika mara moja. Kisha anampa nasaha zake. Usimuue aliyesalimu amri. Wasaidie wenye dhiki. Nenda kanisani. Usiwe mwingi wa maneno, maana mdomo mwepesi humletea mtu aibu. Na jambo moja zaidi: acha kusema kila mara “mama alinifundisha”, watu watakuona mpumbavu. Kijana anakubali. Tangu leo, anaambiwa, amtaje yule muungwana aliyemvika kisiginoni chuma cha kumchochea farasi.

Hapo ndipo ninapomwona Chrétien akitabasamu. Gornemant anadhani amemponya ugonjwa, kumbe amembadilishia dawa. Kijana aliyekuwa akitembea na sauti ya mama kichwani sasa anatembea na sauti ya mwalimu. Anafika kwa Blancheflor, binti mwenye ngome iliyozingirwa, anaketi naye kimya mpaka watu wa nyumba wananong’onezana: ni bubu?

Kisha anafika kwa Mfalme Mvuvi. Mfalme huyu ana jeraha la mapajani, hawezi kusimama wala kupanda farasi. Burudani yake ni kukaa mtumbwini na ndoano. Anampokea mgeni vizuri, anampa upanga. Chakula kinapoandaliwa, anapita kijana ameshika mkuki mweupe, na kwenye ncha yake tone la damu linateremka hadi mkononi mwake. Baadaye anapita msichana na graili, sahani pana yenye mwanga wa ajabu, akielekea chumba cha ndani. Kila sahani ya chakula inapobadilishwa, graili inapita tena. Perceval anataka sana kuuliza: kwa nini mkuki unatoka damu? Graili inampelekea nani chakula? Anakumbuka onyo la Gornemant. Ananyamaza. Nitauliza kesho, anajiambia, nitamuuliza mmoja wa vijana wa nyumbani. Asubuhi kasri ni tupu.

Baadaye anaambiwa kwamba swali lile lingemponya mfalme. Halikuwa fumbo la wenye hekima, lilikuwa swali la mgeni kwa mwenyeji wake mgonjwa. Wolfram von Eschenbach, Mjerumani aliyeisimulia upya hadithi hii mwanzoni mwa karne ya 13, aliliweka wazi zaidi: kwake Parzival alitakiwa kuuliza tu, mjomba, unaumwa nini? Sisi tusioweza kupita kizingiti cha mgonjwa bila “unajisikiaje leo?” tungeiokoa ile nchi kabla ya uji kupoa.

Wachambuzi wengi husimama hapa wakasema kosa ni la Gornemant, au kosa ni la kijana aliyechukua nasaha kama sheria. Ni kweli, ila kuna kitu Chrétien anakiongeza ambacho kinanisumbua zaidi. Binamu yake Perceval, na miaka mitano baadaye mjomba wake mkaapweke anayemkuta siku ya Ijumaa Kuu, wote wanampa sababu tofauti kabisa. Ulimi wako, wanamwambia, ulifungwa na dhambi uliyomtendea mama yako. Siku ile ulipoondoka, uligeuka nyuma ukamwona ameanguka penye daraja kama maiti, ukampiga farasi kiboko ukaenda zako. Mama alikufa palepale kwa uchungu.

Kwa akili ya haraka, sababu hizi mbili hazina uhusiano. Mimi naona ni sababu moja. Kijana alibeba maneno ya mama akamwacha mama mwenyewe chini. Aliikumbuka pete, alilikumbuka busu, alilikumbuka kanisa, aliyeyasema hakumkumbuka. Na mtu anayeweza kuondoka na wosia huku mtoa wosia ameanguka njiani, huyo huyo ndiye atakayeketi mbele ya mfalme anayeumia akiwaza kanuni za mazungumzo. Kilichomkosa hakikuwa nasaha. Nasaha alikuwa nazo tele.

Tangu nilipolisoma hivyo, nimekuwa nikizirudia hadithi nyingine nikiwa na swali moja mkononi: yuko wapi aliyeshauri wakati ushauri wake unafanya kazi?

Chukua Wimbo wa Roland, uliotungwa yapata mwaka 1100 kuhusu vita vya mwaka 778 kwenye milima ya Pyrenees. Historia inasema walioshambulia nyuma ya jeshi la Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, walikuwa Wabasque. Wimbo umewageuza Waislamu wa Hispania, tena Waislamu wa kubuni kabisa, wanaoabudu sanamu. Mtunzi hakujua lolote kuhusu dini aliyoipiga vita. Msomaji Mwislamu ana haki ya kukasirika, na pia ya kucheka. Lakini kwa upande wa vikao, wimbo huu hauna mpinzani.

Unaanza na vikao viwili, kimoja kila upande. Kwa Mfalme Marsile wa Zaragoza, mzee Blancandrin anashauri hila: tumuahidi Charlemagne utii, tumpe mateka, akiondoka tusitimize. Mateka watakatwa vichwa, anakiri. Na mimi nitamtoa mwanangu. Kwa hiyo msiniambie kwamba ushauri ni mzuri mradi mshauri anaulipia. Blancandrin analipa kwa damu yake mwenyewe, na ushauri ni wa uovu vilevile. Gharama inathibitisha kwamba mtu amemaanisha. Haithibitishi zaidi ya hapo.

Upande wa pili, Charlemagne anawaita watu wake chini ya msonobari. Roland, mpwa wake, anapinga amani: anakumbusha kwamba Marsile alishawahi kuleta matawi ya mzeituni, na wajumbe wawili waliotumwa, Basan na Basile, wakakatwa vichwa. Ganelon, baba wa kambo wa Roland, anasimama kumpinga. Tukubali amani, anasema, tuwaache wapumbavu tushikane na wenye hekima. Mzee Naimes anamuunga mkono. Hoja ya Ganelon, ukiisoma bila kujua mwisho, ndiyo ya mtu mzima: wamepigana miaka saba, watu wamechoka. Kikao kinakubali.

Sasa nani apeleke jibu kwa Marsile? Naimes anajitolea, Roland anajitolea, Olivier anajitolea, Askofu Mkuu Turpin anajitolea. Mfalme anawakatalia. Roland anasema: atumwe Ganelon, baba yangu wa kambo.

Ganelon anageuka rangi. Ghadhabu yake inashangaza mpaka utambue kwamba ameombwa kitu kimoja tu, autembelee ushauri wake mwenyewe kwa miguu. Kama Marsile kweli anataka amani, safari hiyo ni salama. Ni mara ya kwanza tunagundua kwamba Ganelon hakuwa akiuamini ushauri wake, au aliuamini kwa kichwa cha mtu mwingine. Anakwenda, anauza jeshi, na akirudi anaupindua ule mchezo: safari hii yeye ndiye anayemtaja Roland kuongoza kikosi cha nyuma. Mfalme ameota ndoto mbaya, analia machozi, lakini kikao ni kikao. Hana namna ya kukataa bila kuvunja utaratibu ambao ndio ufalme wenyewe. Wenye uzoefu wa vikao wanamjua mtu wa aina hii: kikaoni hapo hahitaji kusema uongo, anapendekeza jina tu.

Kisha Roncevaux, kwenye njia ya milimani ambako kikosi cha nyuma kinaviziwa. Olivier anapanda kilimani, anaona jeshi linakuja, anamwambia rafiki yake: piga baragumu, Charlemagne atasikia, atarudi. Baragumu lenyewe ni la pembe ya ndovu, kitu ambacho mtu wa Lamu angekiita siwa bila kusita. Olivier anasema mara tatu. Roland anakataa mara tatu. Familia yangu itatukanwa, Ufaransa itaaibika. Mtunzi anaweka mzani wake katika mstari mmoja maarufu: Roland ni jasiri, Olivier ana busara. Watu 20,000 wanakufa juu ya tofauti ya maneno hayo mawili.

Watu wakibaki wachache sana, Roland anasema: napiga baragumu. Na Olivier, aliyeomba mara tatu, anamkatalia! Sasa ni aibu, anasema, nilipokuambia hukutaka. Hutalala kamwe mikononi mwa dada yangu Aude. Ni mojawapo ya kurasa za kweli kabisa katika fasihi ya vita. Mshauri aliyepuuzwa hajali tena kama ushauri wake una faida. Anataka deni lake likiriwe. Nani kati yetu hajawahi kuwa Olivier, hata kwa jambo dogo, akiona mwenzake anafuata ushauri wake kwa kuchelewa na badala ya kufurahi akamwambia: si nilikwambia?

Anayewapatanisha ni Turpin. Anawasikia wakigombana, anakuja na farasi wake, anasema jambo la mtu mwenye akili timamu katikati ya maiti. Baragumu halitatuokoa, hilo limepita. Lakini lipigwe, mfalme arudi alipize kisasi, atuzike kwa heshima tusiliwe na mbwa mwitu. Ushauri ni uleule wa Olivier, ila amebadilisha kazi yake kufuatana na saa. Roland anapuliza mpaka mshipa wa kichwa unapasuka. Baadaye Olivier, ametokwa na damu nyingi mpaka macho yamefifia, anampiga Roland upanga kwenye kofia ya chuma bila kumtambua. Umekusudia? Roland anamuuliza kwa upole. Nakusikia sauti, Olivier anajibu, sikuoni; nisamehe. Wanainamiana. Baada ya ule ugomvi wote, wako wawili palepale, hakuna aliyeondoka na maneno akamwacha mwenzake.

Kwa Mfalme Arthur wa hadithi za Uingereza nitapita haraka, maana habari zake ni ndefu kuliko mvua ya masika. Thomas Malory alizikusanya kwa Kiingereza akamaliza karibu mwaka 1470, na Caxton akazichapa mwaka 1485. Humo kuna kikao kifupi cha kuchekesha. Arthur anamwambia Merlin, mchawi na mshauri wake: watu wangu wananisumbua nioe, na sitaoa bila ushauri wako. Vizuri, anasema Merlin, yupo unayempenda? Yupo, Guinevere. Merlin anamwonya kwa kificho kwamba huyo si salama kwake, kwamba Lancelot, shujaa wa Arthur mwenyewe, atampenda naye atampenda Lancelot. Pia anasema kwamba moyo wa mtu ukishatua mahali, ni vigumu kuurudisha. Kweli, anajibu Arthur, na harusi inafungwa. Alitaka muhuri, akapewa utabiri, akaupokea kama muhuri. Na Merlin mwenyewe si bora. Anajua kwamba atazikwa akiwa hai na msichana anayemtamani. Arthur anamuuliza, kwa kuwa unajua, mbona usijikinge? Haiwezekani, anasema, na anamfuata.

Ila ukurasa ambao siwezi kuusoma bila kusimama ni wa mwisho wa vita kati ya Arthur na mwanawe muasi, Mordred. Usiku uliotangulia, roho ya Gawain, mpwa wake, imemjia Arthur ndotoni ikamsihi asipigane kesho yake, afanye mapatano ya mwezi mmoja. Gawain, mtu yule yule ambaye alipokuwa hai alimsihi mfalme asiwe na haraka ya kumchoma malkia Guinevere kwa sababu ya Lancelot, akapuuzwa. Kisha ndugu zake wakauawa na Lancelot alipokuja kumwokoa malkia, naye akageuka kuwa mchochezi mkuu wa vita dhidi ya Lancelot. Mapatano yanafanyika kweli, mpaka nyoka anamuuma askari mmoja mguuni, upanga unachomolewa kumuua nyoka, na majeshi mawili yanadhani ni usaliti. Jioni wamebaki Arthur, Lucan na Bedivere. Mordred anaonekana ameegemea upanga wake katikati ya maiti. Mwache, Lucan anasema. Kumbuka ndoto yako. Siku hii mbaya ikipita utakuwa umeshinda. Arthur anakataa, anamkimbilia, wanauana.

Lucan ana majeraha yake. Halalamiki. Anainama na Bedivere kumwinua mfalme, na katika kuinua matumbo yake yanamtoka, anakufa. Arthur anasema amekufa kwa kutaka kunisaidia, naye alihitaji msaada kuliko mimi. Hili ndilo jibu la Malory kwa “shauri yako”. Lucan alikuwa na haki zote za kuyasema maneno hayo mawili. Badala yake aliubeba mzigo wa ushauri uliokataliwa.

Kuna walioamini kwamba tatizo lingetatuliwa kwa maandishi. Ramon Llull wa Mallorca, katika miaka ya 1270, alitunga kitabu cha mafunzo kinachoanza na kijana aliyesinzia juu ya farasi. Farasi anampeleka kwenye chemchemi ambako mzee, shujaa aliyestaafu, anakaa peke yake. Mzee anampa kitabu akisome, kisha akipeleke kwa wenzake. Ni mwanzo mzuri sana. Mengine ni orodha ya wajibu, na nakiri niliisoma nikitazama saa.

Cervantes, mwandishi wa Kihispania, aliusoma ulimwengu huu wote wa vitabu na akaucheka, lakini kwenye suala la nasaha alikuwa makini kuliko wote aliowacheka. Katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615, Duke mmoja na mkewe wanaamua kumfanyia Sancho Panza, mkulima anayemfuata don Quixote kama msaidizi wake, mzaha wa kumpa ugavana wa “kisiwa” cha Barataria. Don Quixote, mzee anayejidhania shujaa wa farasi na ambaye hajui ni mzaha, anamchukua Sancho chumbani, anafunga mlango, anamketisha karibu naye kwa nguvu, anaanza kumpa wosia. Mche Mungu. Jitambue, usivimbe kama chura aliyetaka kulingana na ng’ombe. Usione haya kusema umetoka kwa wakulima. Machozi ya maskini yakuguse zaidi, lakini yasikupe haki nyingi kuliko ushahidi wa tajiri. Ukiipinda fimbo ya haki, isipindwe na uzito wa zawadi, ipindwe na huruma. Kesi ya adui yako ikija, sahau alichokutenda. Kisha mambo ya mwili: kata kucha, usile vitunguu, usibeue mbele za watu. Na punguza methali, Sancho.

Sancho anajibu kwa methali nne mfululizo. Anazo nyingi kuliko kitabu, anasema, zikija mdomoni zinagombania mlango. Mtu huyu angepata kiti cha heshima kwenye baraza lolote la pwani, na don Quixote angeachwa nje na adabu zake za mezani.

Sancho pia anakiri kwamba hatakumbuka chochote kati ya hayo; ayaandikiwe, ingawa hajui kusoma, padri wake atamsomea. Don Quixote anaandika. Karatasi inamdondoka Sancho, inaangukia mikononi mwa Duke, ambaye anaisoma na mkewe kwa kicheko na mshangao. Hivyo ndivyo Cervantes anavyomaliza biashara ya nasaha za kuandikwa. Na kabla hawajaachana, mwanafunzi anamwambia mwalimu: ukiona sifai, niache hapa hapa, bora niende peponi nikiwa Sancho kuliko motoni nikiwa gavana. Kwa maneno hayo tu, anasema don Quixote, unastahili visiwa elfu. Mshauri amefundishwa na aliyekuja kushauriwa, naye anakiri bila kinyongo. Gornemant hakuwahi kufika hapo.

Huko Barataria, Sancho ana njaa kwa sababu daktari aliyewekewa anamnyima kila sahani. Katika hali hiyo analetewa kesi ya daraja. Kila anayevuka lazima aape anakwenda wapi na kufanya nini. Akisema kweli apite, akisema uongo anyongwe. Mtu mmoja ameapa kwamba amekuja kunyongwa kwenye kitanzi kile, basi. Wakimnyonga, alisema kweli, alipaswa kupita. Wakimwacha apite, alisema uongo, alipaswa kunyongwa. Mahakimu wamekwama.

Sancho anatania kwanza: ipite nusu iliyosema kweli, inyongwe iliyosema uongo. Kisha anatulia. Sababu za kumuua na za kumwachia zinalingana, anasema, basi apite, maana kutenda jema husifiwa kuliko kutenda baya. Na hili sikulitoa kichwani mwangu. Nimekumbuka neno moja kati ya mengi aliyoniambia bwana wangu don Quixote kabla sijaja huku, kwamba haki ikiwa na shaka, niegemee huruma. Ningetia sahihi, anasema, kama ningejua kutia sahihi.

Rudi sasa kwenye wosia ule ulitafute neno hilo. Hulikuti hivyo. Unakuta fimbo inayopindwa na huruma, unakuta onyo la kutomshushia mkosaji ukali wote wa sheria, lakini “haki ikiwa na shaka” ni maneno ya Sancho. Amesahau karatasi, amesahau kucha na vitunguu, akakumbuka mtu aliyefunga mlango akamketisha karibu naye. Kutoka kwa mtu huyo akajua angesema nini kwenye kesi ambayo hakuwahi kuisikia. Perceval, mwenye kumbukumbu kamili ya kila neno, hakuweza kufanya hivyo hata kwa sahani ya chakula iliyopita mbele yake.

Siku chache baadaye Sancho anauacha ugavana kwa hiari yake. Anaomba shayiri kidogo ya punda wake, na yeye nusu mkate na nusu jibini. Usiku unamkuta njiani, anatumbukia shimoni na punda. Asubuhi anapiga kelele kutoka chini ya ardhi, na aliyetokea kupita juu ni don Quixote, ambaye anadhani ni roho inayoteseka toharani na anauliza aifanyie nini. Ni mimi, Sancho anapaza sauti, sijafa. Mzee ana mashaka. Kisha punda analia, na don Quixote anaitambua sauti ile kama ya mwanawe wa kumzaa. Subiri hapo, anasema, nikalete watu na kamba.